Mtoto akisema, nani atamsikia?

Maneno yaliyosemwa katika Kivu ya Kusini mbele ya jamaa zilizohamishwa na vita, jamaa zilizowapokea, walimu na viongozi



Tumeombwa tuzungumze juu ya shule na ulinzi wa watoto. Tunajua neno hili ni zito. Kuna wazazi kati yetu ambao limeingia nyumbani mwao. Kwa sababu hiyo hatutamwomba mtu yeyote asimame hapa aeleze yaliyompata. Mwenye neno la siri aje kwetu pembeni, kila mtu kwa wakati wake. Hapa mbele ya wote tutazungumza jambo moja tu: namna ya kuwazuia watu wasiwanajisi watoto wetu, na sehemu ya shule katika kazi hiyo.

Wengine watauliza: ninyi wa mashirika ya amani, mambo ya namna hii yanawahusu nini? Yanatuhusu sana. Tumeona jinsi mtoto mmoja akiharibiwa na neno likafichwa, jamaa mbili zinaacha kusalimiana, kisha kartiye mbili, kisha makabila mawili. Amani haijengwi juu ya kilio cha mtoto kilichozikwa.

HALI ILIVYO

Vita vimewaumiza watoto kuliko watu wote. Mwezi wa nne 2025, UNICEF ilitangaza kwamba katika miezi miwili ya kwanza ya mwaka huo, mashariki mwa Kongo ziliandikwa kesi karibu 10,000 za ubakaji na jeuri nyingine za namna hiyo, na kwamba kati ya watu 100 walioumizwa, 35 hadi 45 walikuwa watoto. Hizo ni zile tu zilizofika mahali pa kuandikwa.

Tukisikia habari hiyo, mawazo yetu yanakwenda mara moja kwa watu wenye silaha. Ni kweli, wao wametenda mengi. Lakini wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Mtoto anaweza kuharibiwa na mjomba anayelala naye chumba kimoja kwa kuwa nyumba ni ndogo. Anaweza kuharibiwa na jirani anayempa biskwi, na motari anayempeleka shuleni bure, na mwalimu anayemwita nyumbani kwake kubeba madaftari, na mtu wa kanisa, na mtu wa shirika. Tena si wasichana tu. Wavulana nao huharibiwa, na wao hunyamaza zaidi, maana wanaona haya ya kuchekwa.

Sisi wa Kivu ya Kusini tunakumbuka Kavumu. Kati ya miaka ya 2013 na 2016, wasichana wadogo wapatao 40 waliibwa usiku nyumbani kwa wazazi wao, wakanajisiwa, wakaachwa. Miongoni mwao walikuwamo watoto wadogo sana. Watu waliogopa kusema, maana aliyeongoza kikundi hicho alikuwa mbunge wa jimbo. Lakini wazazi walisema. Waganga wa hospitali ya Panzi waliandika walichokiona. Watetezi wa haki walifuatilia. Mwezi wa 12 mwaka 2017, tribinali ya kijeshi iliketi palepale Kavumu, ikawahukumu watu 11 kifungo cha maisha, na kwa mara ya pili mwaka 2018 hukumu hiyo ilithibitishwa.

Tunaitaja Kavumu kwa sababu inatufundisha mambo mawili. La kwanza: mtoto wa miaka miwili hawezi kujilinda kwa somo lolote. La pili: wakubwa wakishikamana, hata mtu mwenye cheo anafikishwa mbele ya haki. Kwa hiyo kila tutakalosema leo juu ya kuwafundisha watoto, tulisikie pamoja na hilo la pili. Kumfundisha mtoto ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni sisi.

KWA NINI SHULE

Shule ni mahali ambapo mtoto wa aliyehamishwa na mtoto wa mwenyeji wanaketi kwenye benchi moja kila siku. Hata darasa likiwa la shitingi, hata watoto wakisoma kwa zamu, wengine asubuhi na wengine mchana, mwalimu anawaona. Baba amekwenda kutafuta kazi ya siku, mama yuko sokoni au shambani kwa watu, lakini mwalimu anaona kwamba mtoto aliyekuwa akicheka ameacha kucheka. Anaona kwamba yule msichana hataki tena kwenda nyumbani saa zikifika. Anaona mtoto anayeshindwa kuketi.

Je, mafundisho ya shule yanafaa kitu? Mwaka 2015 watafiti walikusanya pamoja majaribio 24 ya masomo ya namna hii, yenye washiriki 5,802. Mengi yalifanyika mbali na kwetu, hasa Amerika ya Kaskazini, lakini tuyasikilize. Walikuta kwamba watoto waliofundishwa walijua zaidi namna ya kujilinda, na kwamba hawakujazwa woga kwa sababu ya masomo hayo. Walikuta pia dalili kwamba watoto waliofundishwa walisema zaidi kuliko wasiofundishwa. Lakini utafiti huo haukuweza kuonyesha kwamba masomo peke yake yanapunguza idadi ya watoto wanaoharibiwa. Hapo tunarudi palepale: mtoto akijua na akasema, halafu wakubwa wasitende kitu, somo limeanguka njiani.

MTOTO ANAFUNDISHWA NINI

Hakuna haja ya kungoja kitabu kipya kutoka Kinshasa. Saa ya uraia na maadili inatosha kwa kuanza, na walimu wanaweza kutumia michezo, nyimbo na michoro ubaoni. Kila umri na chakula chake.

Kwa wadogo wa mwaka wa kwanza na wa pili:

Mwili wako ni wako. Sehemu zinazofunikwa na nguo ya ndani si za mtu kuzichezea. Mama anaweza kukuogesha ukiwa mdogo, muganga anaweza kukuangalia mama akiwepo, lakini hakuna mtu anayepaswa kukugusa hapo kwa mchezo, wala kukuambia umguse.

Kuna siri nzuri na siri mbaya. Siri nzuri ni kama zawadi tunayomwandalia dada. Baadaye wote wanaijua na kufurahi. Siri mbaya ni ile inayokufanya uogope au uumwe tumbo. Siri mbaya haitunzwi, hata kama mkubwa amesema "nitakupiga ukisema" au "mama yako atakufa ukisema".

Fanya mambo matatu: kataa, ondoka, sema. Lakini hapa walimu wawe waangalifu. Mtoto aliyeshindwa kukataa au kukimbia asijione mwenye kosa. Mtu mkubwa ana nguvu, na mtoto mwenye hofu huganda kama jiwe. Kosa ni la mkubwa, siku zote. Maneno hayo yarudiwe kila somo, maana katika darasa lolote pengine yupo mmoja ambaye limekwisha kumpata.

Mkono wa watu watano. Kila mtoto ahesabu kwa vidole wakubwa watano anaoweza kuwaambia: mama, nyanya, mwalimu, muuguzi, mama wa kanisa. Wasiwe wote wa nyumba moja. Wa kwanza asiposikia, amwendee wa pili. Asiposikia wa pili, amwendee wa tatu.

Kwa wakubwa wa mwaka wa tano, wa sita na wa sekondari tunaongeza haya:

Sheria ya Kongo inasema mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Mkubwa akilala na mtoto, hawezi kujitetea kwa kusema "alikubali". Franga za daftari, kredi ya simu, mkate, safari ya moto, pointi za mtihani: hakuna hata kimoja kinachonunua mwili wa mtoto. Mtu akikuomba picha zako za uchi katika simu, usitume. Na kama umekwisha kutuma na anakutisha, mwambie mkubwa unayemwamini, hutapigwa.

Na wavulana wafundishwe pia kwamba msichana si shamba lisilo na mwenyewe. Yule anayekua akijua kwamba neno "hapana" lina uzito, hatakuwa hatari kwa watoto wa wenzake kesho.

Wazazi wengine wanatuambia: "Mkitaja mambo hayo mnawafungua macho watoto, mnawafundisha uasherati." Tunawaheshimu kwa neno hilo, maana linatoka katika desturi ya kuwalinda watoto. Lakini tuangalie. Somo hili halimwonyeshi mtoto namna ya kulala na mtu. Linamfundisha majina ya mwili wake na haki ya kukataa. Yule anayemtaka kwa ubaya hataona haya kumfundisha kwa njia yake. Afadhali mtoto asikie kwetu kwanza. Tena mtoto asiye na jina la sehemu iliyoumizwa, atalia tu na kusema "naumwa", nasi tutampa dawa ya minyoo.

Tunashauri shule iwaite wazazi kwanza, iwasomee kila kitu watoto watakachofundishwa, na iwaulize maneno gani yanafaa katika Kiswahili, Mashi, Kifuliiru, Kinyarwanda au lugha nyingine ya nyumbani. Mzazi aliyesikia somo atalirudia nyumbani. Mzazi aliyefichwa atalipinga.

MWALIMU AKISHA KUSIKIA

Hapa ndipo programu nyingi zinavunjika. Mtoto ametiwa moyo aseme, amesema, na mwalimu hajui la kufanya. Walimu, tafadhali shikeni haya.

Kwanza, msikilize bila kumkatiza. Usimwulize "kwa nini ulikwenda huko?" Usimlazimishe kueleza kila kitu mara tatu mbele ya mkurugenzi, mbele ya komite na mbele ya polisi. Mwambie: "Umefanya vizuri kusema. Si kosa lako. Nitatafuta msaada."

Pili, usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote, maana huwezi kuitimiza ahadi hiyo. Mwambie utawaambia wale tu wanaoweza kumsaidia. Na iwe hivyo kweli. Jina la mtoto lisifike kwenye robine ya maji wala sokoni.

Tatu, afya mbele ya yote. Mtoto apelekwe kituo cha afya au hospitali upesi, akiwa na mtu anayemwamini. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinapaswa kuanza kabla ya saa 72 kupita, yaani siku 3. Dawa ya kuzuia mimba kwa msichana aliyekwisha kuvunja ungo inaweza kutolewa hadi siku 5. Kuna pia kinga ya pepopunda, kinga ya ugonjwa wa ini, na dawa za magonjwa ya zinaa. Ikiwezekana asiogeshwe kabla ya kuonwa na muganga, na nguo alizovaa ziwekwe katika karatasi au kitambaa kikavu, si katika mfuko wa plastiki. Lakini hata kama amekwisha kuogeshwa, hata kama wiki imepita, hata kama miezi imepita, apelekwe. Vidonda vya mwili na vya moyo bado vinatibiwa.

Nne, usimwite anayeshutumiwa ili "mpatanishwe" mbele ya mtoto. Utampa nafasi ya kukimbia au ya kutisha.

Tano, andika: tarehe, saa, maneno ya mtoto kama alivyoyasema, na ulilolifanya. Ifungie karatasi hiyo. Shule iwe na mwalimu mmoja mwanamke na mmoja mwanaume waliochaguliwa na kufundishwa kwa kazi hii, na majina yao watoto wayajue. Wafanye kazi pamoja na komite ya wazazi, ile tunayoiita COPA, na pamoja na RECOPE, mtandao wa kulinda watoto, pale ulipo.

Shule nyingine zina kisanduku cha barua, mtoto anatia karatasi yake bila jina. Ni kitu kizuri, lakini tuulize: ufunguo anao nani? Kama anao mwalimu yuleyule anayelalamikiwa, kisanduku ni mtego.

MBUZI, FRANGA NA NDOA

Sasa tunawageukia ninyi wakubwa, na mtuvumilie tukisema wazi.

Mara nyingi mambo huenda hivi. Neno limejulikana. Jamaa ya mwanaume inakuja usiku na wazee wawili. Inaleta mbuzi, inaleta franga kidogo. Inasema: "Sisi ni ndugu, tumekimbia pamoja, tusiletane kwa polisi." Jamaa ya mtoto ni maskini, imelala chini ya shitingi, haina wa kuitetea. Baba anapokea. Wazee wanasema amani imerudi. Na mtoto je? Hakuna aliyemwuliza. Kesho yake anakutana na mtu yule njiani akienda kuchota maji. Amefahamu kwamba mkono wake wa watu watano ulikuwa mtupu. Na wenzake darasani wamefahamu pia. Mwaka ujao mwalimu atafundisha "kataa, ondoka, sema", nao watatazama chini.

Ndugu zetu, huo si upatanishi. Kupatanisha ni kazi ya heshima, na kwa ugomvi wa mipaka ya shamba, wa ng'ombe walioingia katika mihogo, wa maneno ya matusi, tunawaomba muendelee nayo. Lakini kunajisi mtoto si ugomvi kati ya watu wawili walio sawa. Ni kosa la jinai, na sheria imeliondoa mikononi mwa baraza la kijiji.

Mjue sheria tatu. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 2006 ilibadilisha kanuni ya adhabu: inawalinda wasichana na wavulana pia, na inahesabu kwamba kulala na mtoto wa chini ya miaka 18 ni ubakaji hata bila kumpiga. Inamwadhibu pia mzazi au mlezi anayemwoza mtu kwa nguvu. Sheria namba 06/019 ya siku hiyohiyo inasema afisa wa polisi aliyepokea mashtaka ya namna hii aijulishe parke katika saa 24, na inakataza kesi kumalizwa kwa kulipa faini tu ili isifike mahakamani. Na sheria namba 09/001 ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaweka kifungo cha miaka 7 hadi 20 kwa anayembaka mtoto, na adhabu inazidi kama mtenda ni mtu mwenye mamlaka juu ya mtoto, kama mwalimu wake.

Basi mwozeshaji anayesema "amwoe ili aibu iishe" anaongeza kosa juu ya kosa. Anamkabidhi mtoto kwa aliyemharibu, maisha yake yote.

Tunajua mtakalosema: polisi wanaomba franga za usafiri, parke iko mbali, na kuna mahali ambapo tangu vita vya 2025 ofisi za haki zimefungwa au hazijulikani ziko chini ya nani. Ni kweli, na hatuwaambii kwamba njia ni nyepesi. Lakini hata pale ambapo hakuna jaji leo, mambo matatu yanawezekana. Mtoto atibiwe. Karatasi ya muganga itunzwe, maana kesi inaweza kufunguliwa siku njia itakapofunguka. Na mtenda aondolewe karibu na watoto: asifundishe, asiongoze kwaya, asilale nyumba moja na mtoto. Hilo la mwisho halihitaji tribinali. Linahitaji wakubwa wenye moyo.

Kuna jambo jingine linalotugusa sisi wa amani. Kama mtenda ni wa kabila hili na mtoto ni wa kabila lile, pande zote mbili hujikusanya. Wa kwake wanamficha, wakisema anaonewa kwa sababu ya kabila. Wa upande wa mtoto wanasema "hao wote ndivyo walivyo", na vijana wanaanza kutafuta mapanga. Tunawasihi: mbakaji hana kabila. Kiongozi wa upande wake awe wa kwanza kumtoa kwa haki. Kiongozi wa upande wa mtoto awe wa kwanza kuwazuia vijana wasilipize kisasi kwa watu wasiohusika. Pale viongozi wawili walipofanya hivyo kwa pamoja, jamaa zilibaki majirani.

SHULE YENYEWE IWE SALAMA

Hatuwezi kuwafundisha watoto kujilinda katika shule yenye mashimo. COPA na mkurugenzi watembee pamoja siku moja, waangalie kwa macho. Vyoo vya wasichana viko mbali na vya wavulana? Vina milango inayofungika kwa ndani? Wanaosoma zamu ya mchana wanafika nyumbani jua likiwa bado juu? Kuna kituo cha wenye silaha njiani? Kama kipo, watoto watembee kwa makundi, na wazazi wapeane zamu ya kuwasindikiza.

Kila mwalimu atie sahihi kanuni ya mwenendo, isomwe mbele ya wazazi. Mwanafunzi asitumwe nyumbani kwa mwalimu kuchota maji, kufua wala kuleta madaftari. Masomo ya ziada yafanyike mlango ukiwa wazi. Pointi zitoke katika mtihani tu. Tunajua walimu wengi wamekaa miezi bila mshahara, nasi tunawatetea kwa jambo hilo. Lakini umaskini wa mwalimu haulipwi na mwili wa mwanafunzi.

Na fimbo nayo tuiangalie. Mtoto anayemwogopa mwalimu kwa sababu ya kiboko hatamwendea na siri yake. Katika wilaya ya Luwero, huko Uganda, shule za msingi 42 ziliingia katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015. Zile zilizofuata programu ya kubadilisha mwenendo wa shule nzima, kwa muda wa miezi 18, zilipunguza hatari ya watoto kupigwa na walimu kwa 42 kwa mia. Ni majirani zetu, wenye madarasa yaliyojaa kama yetu. Waliweza.

NENO JUU YETU SISI WA MASHIRIKA

Hatuwezi kuwanyoshea ninyi kidole na kujiacha. Tangu mwezi wa 10 mwaka 2003, amri ya Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa inawakataza watumishi wake kulala na mtoto wa chini ya miaka 18, hata wakidai hawakujua umri wake, na inawakataza kubadilisha msaada au kazi kwa mwili wa mtu. Hata hivyo, mwezi wa 9 mwaka 2021, tume huru ilitangaza kwamba wakati wa kupigana na Ebola mashariki mwa Kongo, kati ya 2018 na 2020, watumishi wa misaada walidai ngono kwa ajili ya kazi. Ilitaja watu 83 walioshutumiwa, na 21 kati yao walikuwa watumishi wa Shirika la Afya Duniani.

Kwa hiyo watoto wenu wafundishwe na hili: jetoni ya chakula ni bure. Sabuni ni bure. Daftari la msaada ni bure. Kuandikwa jina ni bure. Mtu wa shirika lolote, na sisi pia, akiomba kitu kwa hayo, ashtakiwe. Ulizeni kila shirika linalokuja: malalamiko tunayapeleka kwa nani, na yanajibiwa kwa siku ngapi? Lisiloweza kujibu halijawa tayari kukaa karibu na watoto.

TUNAYOWAOMBA

Wazazi: kila jioni mwulizeni mtoto sio tu "umepata pointi ngapi", bali "leo nani amekufurahisha, nani amekuhuzunisha?" Na akisema neno gumu, msimpige.

Walimu: chagueni wawili wa kupokea maneno ya watoto, na mjue njia ya kituo cha afya kabla ya siku ya shida.

Wachungaji, mapadri na mashehe: semeni kutoka mahali penu pa kuhubiri kwamba mtoto aliyeharibiwa hana dhambi wala aibu, na msimfiche mtumishi wenu.

Wakubwa wa vijiji na wa kartiye: tangazeni mbele ya watu kwamba baraza lenu halipokei kesi ya mtoto aliyebakwa, halipokei mbuzi wake wala franga zake, bali linaipeleka kwa muganga na kwa haki. Tangazo hilo moja litawalinda watoto kuliko vibao vyote tunavyovitundika barabarani.

Mficha maradhi, kifo humwumbua. Watoto wetu tumewaambia waseme. Wanatutazama sasa, waone kama tulimaanisha.

 Mungu awarudishe makwenu kwa amani.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika vikundi

1. Watoto wetu wakihesabu wakubwa watano wa kuwaambia siri mbaya, sisi tumo?

2. Kituo cha afya cha karibu chenye dawa za saa 72 kiko wapi, na usiku tunafikaje?

3. Katika shule yetu, ni mahali gani mtoto anaogopa kupita? Nani atapatengeneza, na lini?

4. Jamaa ya mtenda ikija na mbuzi, tutaijibu neno gani?